Mlango wa Kutokea: Shule za Mapadri za Katanga na Vijana Wanaomaliza

Kiangazi cha Kamina kina baridi asubuhi na vumbi mchana, na katikati yake kuna siku moja ambayo makopo ya poda ya watoto hununuliwa kama chumvi. Si kwamba wamezaliwa watoto wengi. Matokeo ya Exetat, mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, yametoka. Kijana ametuma namba yake ya mtahiniwa kwa simu ya kaka yake, maana ya kwake haina chaji, na sasa nyumba nzima imeinama juu ya kioo kile kidogo kama watu wanaota moto. Ujumbe unaingia. Amefaulu, na asilimia zake zimeandikwa. Hakuna anayengoja zisomwe. Mdogo wake wa kike ndiye wa kwanza kummiminia poda kichwani. Mama anapiga kigelegele, jirani anatoka na sufuria na mwiko, na muda si muda kijana aliyevaa shati jeupe na suruali ya buluu, sare aliyoizoea miaka yote ya masomo, amekuwa mweupe kuanzia nywele hadi kope. Anasindikizwa barabarani kwa vifijo na watu ambao wengine hata jina lake hawalijui.

Huyo ndiye finalisti. Jana alikuwa mwanafunzi wa sita. Leo ana diploma ya Serikali, ingawa karatasi yenyewe itachelewa kufika. Anayejua mila za Waluba hatashangazwa na ule weupe. Katika nchi hii pemba, ule udongo mweupe, ilipakwa na kurushiwa watu siku za heri tangu enzi za wafalme: mtawala alipotawazwa, mgonjwa alipopona, mtu alipotoka salama katika jambo zito. Kopo la dukani ni geni, mkono unaolimimina si mgeni.

Desturi ya historia za shule ni kuanzia langoni: nani aliweka jiwe la msingi, nani alikuwa prefe, yaani mkuu wa shule, wa kwanza, jengo lilibarikiwa na askofu gani. Ni desturi nzuri. Lakini shule za Kikatoliki za wavulana katika Katanga ya zamani, ambayo tangu 2015 imegawanywa na Kamina ikawa mji mkuu wa Haut-Lomami, zinaeleweka vizuri zaidi ukisimama upande wa pili, kwenye mlango wa kutokea, na kuuliza: waliotoka hapa walitoka na nini mkononi, na waliruhusiwa kwenda wapi? Kwa zaidi ya nusu karne jibu lilikuwa fupi. Ndiyo maana poda ya leo ina uzito kuliko inavyoonekana.

Mvulana wa Mpala

Wa kwanza kutoka kwa kishindo hakutoka Kamina. Alitoka mashariki, kwenye pwani ya ziwa Tanganyika. Mwaka 1885 Mapadri Weupe walikabidhiwa kituo cha Mpala, kilichokuwa kimejengwa na watu wa mfalme Leopold wa Pili. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuwatangulia huko, kimefika na misafara ya biashara. Karne ya 19 ilipokuwa inakwisha, mapadri hao walianza kuwafundisha wavulana wachache Kilatini, na mmoja wao aliitwa Stefano Kaoze.

Kaoze alikaa darasani miaka ambayo leo ingetosha kumtoa mtu daktari mara mbili. Alisoma Kilatini, kisha falsafa, kisha teolojia. Kati ya 1910 na 1911, akiwa bado mseminari, aliandika kwa Kifaransa insha juu ya fikra za Wabantu, na ikachapishwa. Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, alipewa daraja takatifu, akawa padri wa kwanza Mkongo wa zama za ukoloni. Tukio hilo liliwatikisa watu kuliko tunavyoweza kuwaza leo: mtoto wa kijijini amesimama altareni mahali pale pale wanaposimama Wazungu, anasema Kilatini kile kile.

Kwa hiyo tunaweza kusema finalisti wa kwanza wa Katanga alikuwa Kaoze. Lakini tuseme pia jambo la pili. Alitoka kwa mlango uliofunguliwa kwa mtu mmoja, na nje ya mlango huo kulikuwa na njia moja tu. Anayetaka kusoma sana awe padri. Asiyetaka kuwa padri, asisome sana.

Hekta, jembe na randa

Utaratibu huo haukuja kwa bahati. Mwaka 1906 Dola Huru la Kongo lilipatana na Vatikani: kila misheni ya Kikatoliki ipewe ardhi, kati ya hekta 100 na 200, nayo ifungue shule panapowezekana. Shule hiyo ifundishe kilimo na kazi za mikono, pamoja na lugha za Wabelgiji. Ardhi kwa upande huu, shule kwa upande ule. Tangu hapo shule ikawa sehemu ya mkataba wa kutawala, na mtoto alipoingia darasani aliingia pia katika hesabu za watu ambao hakuwahi kuwaona.

Reli ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910 ikitokea kusini, na mji wa shaba ukaota kama uyoga. Wabenediktini walifika Katanga mwaka huo huo chini ya Jean-Félix de Hemptinne, ambaye angekuwa na sauti nzito katika kanisa na siasa za jimbo hadi kufa kwake mwaka 1958. Novemba 1911 wakafika Wasalesiani wakiongozwa na padri Joseph Sak. Mwaka uliofuata walikuwa na kazi mbili mjini: chuo cha wavulana wa Kizungu, ambacho kingejulikana kwa jina la Mtakatifu Fransisko wa Sale, na shule ya ufundi kwa wavulana Waafrika, ambayo baadaye ilikita mizizi Kafubu, nje kidogo ya mji.

Hapo ndipo historia yetu inapogawanyika. Mapadri ni wale wale, wa shirika moja, wanaomheshimu mwanzilishi mmoja, Yohane Bosco, ambaye kule Torino aliwakusanya watoto wa mitaani bila kuuliza ni wa nani. Lakini milango ya kutokea ilikuwa miwili. Mvulana wa kwanza alitoka akielekea chuo kikuu Ulaya. Wa pili alitoka na randa au sindano ya kushonea, akielekea karakana. Haki itendeke kwa Kafubu: mikono iliyofunzwa huko ilijenga na kuvisha nusu ya nchi, na fundi mzuri hakukosa heshima wala mkate. Tatizo halikuwa randa. Tatizo ni kwamba aliyeshika randa hakuulizwa kama angependa kushika kitabu.

Reli inafika Kamina

Kaskazini-magharibi mambo yalikwenda kwa mwendo wa reli. Treni ilifika Bukama mwaka 1918. Mwaka 1928 kampuni ya reli ya BCK ilimaliza kuiunganisha Bukama na Ilebo, bandari ya mto Kasai, na Kamina ikawa kituo kikubwa njiani: karakana, nyumba za wafanyakazi, filimbi za vichwa vya treni usiku. Mwaka 1956 njia nyingine ilikatwa hadi Kabalo, na Kamina ikawa njia panda: ukitaka kwenda kusini kwenye shaba, magharibi Kasai au mashariki ziwani, unabadili hapo.

Waliochukua misheni za upande huu walikuwa Wafransisko wa Ubelgiji, walioingia Katanga miaka ya 1920. Mmoja wao, Placide Tempels, alifika mwaka 1933, akaishi miaka mingi kati ya Waluba. Kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu kilitoka Elisabethville mwaka 1945, na hoja yake kuu ilikuwa rahisi kuitamka na ngumu kumezwa na wakubwa wake: watu hawa unaowafundisha wana falsafa yao, tena iliyopangika. De Hemptinne hakufurahi. Tempels alikaa Ubelgiji miaka kadhaa kabla ya kuruhusiwa kurudi mwaka 1949, na baadaye, kwenye machimbo ya Kolwezi, mafundisho yake yakazaa Jamaa, chama cha waumini ambacho jina lake la Kiswahili bado linatajwa parokiani.

Wanafalsafa wamebishana juu ya kitabu hicho hadi leo, na ubishi wao una sababu. Kwa historia ya shule, linalotuhusu ni dogo zaidi: padri aliyekwenda kufundisha alikiri kwa maandishi kwamba yeye naye alifundishwa.

Karani, mwalimu, fundi

Masharti ya shule zenyewe yaliandikwa kati ya 1925 na 1929. Serikali ilikubali kuzilipia ruzuku shule za misheni zilizoitwa za kitaifa, yaani za Wabelgiji, ambazo karibu zote zilikuwa za Kikatoliki. Waprotestanti wangengoja ruzuku hiyo hadi baada ya vita vya pili vya dunia. Mpango ulikuwa hivi: miaka miwili ya kujua kusoma na kuhesabu, kisha mitatu kwa wachache, kisha shule maalumu kwa wachache zaidi. Shule maalumu zilikuwa na malango matatu: la karani, la mwalimu na la fundi. Lango la nne, la seminari, lilikuwa pembeni, na ndilo pekee lililokuwa na ngazi ndefu.

Tusiwadharau waliotoka kwa malango hayo. Mwalimu wa misheni ndiye aliyeibeba shule yote mgongoni. Padri alikuwa mmoja kwa vijiji vingi, akizunguka kwa baiskeli au pikipiki. Aliyebaki na watoto, mvua na jua, ni kijana wa miaka ishirini hivi, mwenye ubao, chaki na kengele, wakati mwingine kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Asubuhi alifundisha kusoma, mchana alisimamia shamba, Jumapili padri asipofika aliongoza sala. Watoto waliojua kuandika jina lao katika Haut-Lomami nzima walijifunzia kwake.

Na seminari? Ilikuwa na siri ambayo kila mtu aliijua. Wengi walioingia hawakuishia kuwa mapadri. Ndiko kulikokuwa na vitabu, Kilatini, jiometri na mijadala, kwa hiyo mvulana mwenye kiu ya masomo alikwenda kunywa kwenye kisima kilichokuwapo. Joseph Kasa-Vubu, rais wa kwanza wa Kongo, aliacha masomo ya upadri mwaka 1939, akawa mwalimu, kisha karani. Katanga nayo ilikuwa na wake. Valentin-Yves Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941, aliingia seminari ndogo ya Kakanda akiwa mtoto, akalelewa na Wabenediktini kwa kengele, kimya na sarufi. Baadaye aliiacha njia ya utawa, akasoma Chuo Kikuu cha Lovanium, akawa mmoja wa wanafikra wakubwa wa Afrika hadi alipofariki Marekani mwaka 2025. Riwaya yake ya kwanza, ya mwaka 1973, inamhusu padri anayeliacha kanisa lake na kujiunga na wapiganaji msituni. Ni kana kwamba mlango ule wa kutokea haukumwacha alale.

Hesabu ya 1960

Baada ya vita upepo uligeuka. Mageuzi ya mwaka 1948 yalifungua shule za sekondari za masomo ya jumla kwa Waafrika, zile ambazo mtu angeweza kutoka humo na kuendelea. Mwaka 1954 Lovanium ilifungua milango karibu na Léopoldville, Kinshasa ya leo. Mwaka huo huo waziri mpya wa makoloni, Auguste Buisseret wa chama cha Waliberali, alianza kufungua shule za serikali zisizo za dini, na maaskofu wakaona nyumba yao inaguswa. Ugomvi wa shule uliokuwa Ubelgiji ukavuka bahari. Watoto wa Katanga walipata faida ambayo hakuna kati ya wagomvi aliyeikusudia: kila upande ukawa na haraka ya kuonyesha kwamba unasomesha zaidi. Mwaka 1956 Elisabethville ikapata chuo kikuu chake. Vyuo vya Wazungu navyo vikaanza kuingiza wavulana weusi, mmoja mmoja.

Lakini saa ilikuwa imekwenda. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu, kwa hesabu inayotajwa sana, hawakufika 30 katika nchi nzima. Mapadri Wakongo walikuwa mamia. Weka hesabu hizo mbili kando kwa kando, na historia yote ya mlango wa kutokea imo humo. Shule haikushindwa kufundisha. Ilifundisha sana, na mapadri wale ni ushahidi. Ilichokosa ni ruhusa ya kuwatoa vijana kwenda kwingine.

Siku kumi na moja baadaye Katanga ilijitenga. Kituo kikubwa cha kijeshi cha Kamina kilikaliwa na askari wa Umoja wa Mataifa, Waluba wa kaskazini wakawa vitani na serikali ya Elisabethville, na madarasa mengi yakawa makazi ya wakimbizi au ya askari. Hadi Januari 1963, utengano ulipokwisha, kumaliza mwaka wa masomo kulikuwa ushindi bila poda.

Karatasi moja kwa nchi nzima

Mwaka 1967 lilizaliwa jambo lililogeuza maana ya kumaliza: mtihani wa Serikali. Tangu hapo diploma haikutolewa tena na shule. Ilitolewa na taifa, baada ya mtihani mmoja unaoandikwa siku zile zile kutoka Bas-Congo hadi Katanga.

Tafakari uzito wake kwenye shule ya mapadri. Padri aliyemjua mvulana tangu komunyo ya kwanza, aliyejua baba yake anakunywa na mama yake anauza mihogo ili alipe minervali, ile ada ya shule, hakuwa tena na neno la mwisho. Hakuweza kumwokoa, lakini pia hakuweza kumkwamisha. Mvulana wa Kamina aliketi mbele ya maswali yale yale aliyowekewa mtoto wa waziri Kinshasa. Kwa mara ya kwanza mlango wa kutokea haukuwa wa misheni, wala wa kampuni, wala wa mkoloni. Ulikuwa wa kila aliyepata nusu ya pointi.

Utaratibu umebadilika mara nyingi, ila mifupa imebaki. Kwanza huja insha ya Kifaransa, wiki kadhaa kabla ya mtihani wenyewe. Kisha siku nne: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya tawi ambalo mwanafunzi amelichagua, yawe hisabati na fizikia, Kilatini na falsafa, ualimu au biashara. Mwezi wa saba ukianza, prefe husimama mbele ya shule nzima na orodha mkononi na kutangaza pointi za madarasa ya chini. Huanza na wa kwanza, hushuka. Kila jina likitajwa, makofi hupungua kidogo, na orodha ikikunjwa, wasiotajwa wanatazama viatu vyao. Mafinalisti husimama nyuma wakiangalia. Wao wamekwisha kuvuka. Orodha yao iko Kinshasa.

Imara, Tuendelee

Kisha ukaja wakati wa majina. Mwaka 1971 Kongo iligeuzwa Zaire, Katanga ikaitwa Shaba, na mwanzoni mwa 1972 majina ya ubatizo yakapigwa marufuku. Kardinali Malula, askofu mkuu wa Kinshasa, alipinga, akalazimika kukaa Roma kwa miezi. Shule nazo zikavuliwa watakatifu wao. Chuo cha Mtakatifu Fransisko wa Sale pale Lubumbashi kikaitwa Imara. Shule ya wasichana ikaitwa Tuendelee. Waliotaka kufuta Ulaya ukutani waliacha Kiswahili, na tukubali kwamba hawakuchagua vibaya. Majina hayo yameishi kuliko walioyatunga, na mzee aliyesoma pale atakuambia mpaka leo, kifua mbele, "Mimi ni wa Imara."

Majina yalikuwa mwanzo tu. Mwishoni mwa 1974 serikali ilizitwaa shule zote za kanisa. Misalaba iliteremshwa, picha ya rais ikapanda. Somo la dini liliondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na mafundisho ya chama tawala. Mapadri wengine walibaki kama walimu wa kawaida katika nyumba walizozijenga wenyewe.

Bei ya shaba ilikuwa imeanguka, hazina ilikuwa tupu, na haikuchukua muda kuonekana kwamba picha haiendeshi shule. Madawati yalivunjika bila kutengenezwa, mishahara ilipotea njiani. Tarehe 26 Februari 1977 serikali ilitia sahihi mkataba na makanisa: shule zirudi mikononi mwao kuendeshwa, lakini programu, mtihani na mishahara vibaki vya Serikali. Ndipo lilipozaliwa neno ambalo kila mzazi wa Kongo analijua, shule za "konvensione". Wakatoliki walirudi na mtandao mkubwa kuliko wote.

Na siku kumi baada ya wino kukauka, tarehe 8 Machi, vita vya kwanza vya Shaba vilianza. Mwaka uliofuata vikarudi, mara hii Kolwezi kwenyewe, na mwezi wa Mei makomando wa Ubelgiji walitua Kamina wakielekea huko. Mafinalisti wa miaka hiyo miwili waliandika insha zao za Kifaransa wakiwa na ndege masikioni.

Walioondoka bila poda

Historia ya kuadhimisha ina kishawishi cha kuruka miaka mibaya. Tusiiruke ya 1990.

Pesa ya Zaire ilipoporomoka, mshahara wa mwalimu haukutosha gunia la unga, na mara nyingi haukufika kabisa. Migomo ilifunga shule kwa miezi. Katikati ya miaka hiyo maaskofu na wazazi walipatana jambo lililokuwa la dharura: mzazi atoe "prime", kitu kidogo cha kumpa mwalimu moyo, hadi Serikali itakapoamka. Serikali ililala muda mrefu. Dharura ikawa kawaida, na kwa miaka zaidi ya 20 shule ya Kongo ilisimama juu ya mifuko ya akina mama wanaouza makala sokoni, ule mkaa unaopikiwa nusu ya nchi. Ukitafuta mfadhili mkuu wa shule za Kikatoliki za Katanga, usimtafute Roma wala Brussels. Yuko sokoni, na vidole vyake ni vyeusi.

Mwaka 1992 na 1993 ukaja msiba mwingine. Watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa makundi, wengi wao wakiwa wamezaliwa huko. Walilundikana kwenye stesheni, wakapanda treni zilizokwenda kaskazini, na njia ya kwenda Kasai inapita Kamina. Kati yao walikuwamo walimu kwa wingi, wa hesabu, wa Kifaransa, wa fizikia, watu waliowatoa mafinalisti kwa miaka mingi. Waliondoka na godoro, sufuria na begi la vitabu. Hakuna aliyewamwagia poda. Shule inayosherehekea wanaoondoka iwakumbuke na hao, kwa maana wapo wazee Katanga leo wanaojua kuandika kwa sababu Mluba wa Kasai aliwashika mkono.

Nje ya mlango

Mwezi wa Septemba 2019 serikali ilitangaza elimu ya msingi bila malipo. Madarasa ya chini yakafurika, na mzazi akapumua. Sekondari bado inalipiwa, na kwenye shule nyingi za mapadri kijana anayefika mwisho amevuka mitihani miwili: ule wa darasani na ule wa ofisi ya mhasibu.

Kwa desturi ya Kongo, "kolezi" ni ya wavulana na "lise" ni ya wasichana, ingawa mipaka hiyo inazidi kulegea na shule nyingi zimewachanganya. Mapadri wa Ulaya wamebaki wachache sana. Prefe ni Mkongo, padri mkurugenzi ni Mkongo, na mara nyingi wote wawili walikaa kwenye madawati yale yale wanayoyasimamia. Anayemtoa finalisti leo ni finalisti wa jana.

Na mlango wa kutokea? Umefunguka. Kijana wa Kamina anaweza kwenda Chuo Kikuu cha Kamina akarudi nyumbani kula, au kushuka Lubumbashi kwa treni, ikiwapo, na kwa lori isipokuwapo. Anaweza kuchagua sheria, udaktari, kilimo au seminari, na siku hizi anayechagua seminari anaichagua kweli, si kwa kukosa pengine. Shida imehama: imetoka mlangoni, imekwenda barabarani. Wenye diploma ni wengi, kazi ni chache, na machimbo ya kobalti ya Kolwezi yanawaita vijana kwa sauti kubwa kuliko vyuo. Kaoze alikuwa na njia moja, tena imelimwa. Finalisti wa leo ana njia kumi, na nyingi zimeota majani.

Hata hivyo misa ya shukrani inaimbwa. Vijana wanaingia kwa mstari, mashati yamepigwa pasi, viatu vingine vya kuazima. Watoto wa madarasa ya chini wanawatazama kwa jicho la mtu anayehesabu miaka yake. Baada ya baraka za mwisho, wazazi wanapiga picha mbele ya sanamu ya Bikira Maria, na padri anashikwa mkono hadi unachoka.

Kuna nyumba moja mtaani, kila mwaka iko moja, ambayo ujumbe wa simu ulipoingia hakukuwa na kigelegele. Pointi hazikufika nusu. Kijana amejifungia chumbani. Nje kundi la mwenzake linapita na sufuria, na vumbi jeupe linaingia hadi dirishani. Mama yake hamgombezi. Zamani mambo yangeishia hapo, angerudi jembeni na hadithi ingekwisha. Sasa atajiandikisha tena, kama mtahiniwa wa kujisomea, wale wanaoitwa "otodidakti", na mwezi wa sita ujao atakaa mbele ya karatasi ile ile kama wengine.

Kopo la poda ambalo mama alilinunua asubuhi halijafunguliwa. Analifuta vumbi kwa ncha ya kitenge, analiweka juu ya kabati.